T ya Meno

Jumatatu, 4 Agosti

Kanda ya kumi na saba. Masikio yanawaka moto chini ya hedifoni. Dakika moja ya mazungumzo hunichukua dakika sita kuiandika. Leo nimefika dakika ya thelathini na moja, nikakwama.

Bwana Feisal, mkuu wa mradi wetu wa kurekodi wazee, amepita mezani asubuhi kunikumbusha tena. Wazee wa mtaa wa Kuze wametupa maisha yao, Sidi, andika kila neno kama lilivyosemwa, usisahihishe, usipambe. Kana kwamba mimi napamba. Miaka tisa nilikuwa karani wa mahakama na hakuna hakimu aliyewahi kunirudishia ukurasa.

Kanda ni ya Bi Somoe. Ana miaka themanini na kitu. Hicho kitu ni ngapi, anasema, hajui. Nilimrekodi mwenyewe mwezi wa sita, chumbani kwake. Amesimulia chuo alichosoma Kurani, shule, ndoa mbili. Kisha anataja harusi iliyofanyika nyumba ya pili, kwa marehemu Mzee Athmani, mlango unaotazamana na mlango wa kwao. Anasema dada yake mkubwa, Mwanate, aliingia mle. Halafu hivi: "Walimteka. Hakurudi tena. Nikasikia mlango ukitiwa komeo."

Nimerudisha mara tatu. Walimteka. Msichana wa miaka kumi na tano.

Baada ya hapo anaendelea na habari za kisima cha msikiti kana kwamba hajasema kitu. Na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake. Mbona sikumwuliza? Nakumbuka nilikuwa nikitazama taa nyekundu ya mashine kuona kama bado inawaka. Taa ilikuwa inawaka vizuri. Najionea haya.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempa Bwana Feisal ukurasa. Ameusoma mara mbili, akavua miwani. Kisha nikamwona anafurahi na anajitahidi kuficha. Anataka sentensi hiyo iwe kwenye maonyesho ya Jumamosi, kwenye kitambaa kikubwa. Nikasema tumwulize kwanza Bi Somoe. Akasema Bi Somoe alitia sahihi fomu ya idhini. Kweli alitia, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Nimekubali. Sitajidanganya hapa: nilifurahi na mimi. Miezi mitano naandika habari za visima na biriani, hatimaye neno moja lililonifanya nitetemeke.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku mbaya.

Vitambaa vilitundikwa ukumbini Kuze, kimoja kwa kila mzee. Watu wengi, sharubati, watoto. Bi Somoe hakuja, miguu imevimba. Alikuja mjukuu wake Nuru, anayeishi naye.

Saa tano akaingia Bwana Twahir. Ni mjukuu wa Mzee Athmani, ndiye mwenye nyumba ile sasa. Mtu wa makamo, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Akasoma kitambaa cha Bi Somoe. Akarudia. Akauliza nani ameandika. Bwana Feisal akanionyesha mimi, kwa haraka sana.

Bwana Twahir hakupaza sauti. "Babu yangu hakuteka mtu, dada," akaniambia. "Babu yangu alikuwa mpika halua."

Akakishusha kitambaa mwenyewe, akakikunja mara nne, kona kwa kona, akanikabidhi. Nuru akanitazama, akatoka bila kuniaga. Ningalipigwa kofi ingalikuwa nafuu.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilisimama watu walipokaa.

Alasiri Nuru amenipigia simu. Tangu yeye hajazaliwa, chakula cha mchana cha Bi Somoe hutoka kwa kina Twahir. Nuru yuko kazini Mbaraki mchana kutwa na bibi hawezi tena kusimama jikoni. Sahani huvuka kichochoro saa saba, hurudi jioni na kitu ndani, hata iwe ndimu mbili, kwa sababu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Jana haikuvuka. Leo haikuvuka. Mlango umefungwa.

Bi Somoe hajaambiwa lolote. Ameuliza mara moja tu.

Nuru anasema bibi yake hawezi kuwa amesema hivyo. Nikamwambia kanda ipo. Akakata simu. Alikuwa na haki. Lakini kanda ipo kweli. Nifanyeje?

Jumatatu, 11 Agosti

Walimteka. Walimteka. Walimteka.

Nimesikiliza kama mara arobaini. Neno limeanza kupoteza maana, limekuwa mlio tu. Asubuhi nilikuwa na hakika. Mchana nina hakika nusu. Jambo linalonisumbua ni sauti yake. Mtu aliyeibiwa dada hasemi hivyo. Anasema kama mtu anayetaja kitu alichokivunja mwenyewe.

Lakini mimi karani. Siandiki sauti, naandika maneno.

Jumanne, 12 Agosti

Lazima niandike hili polepole.

Napanga chumba Bondeni kwa Mama Zulekha. Akiwa na mimi huzungumza Kiswahili sanifu, cha redio, kwa heshima. Leo asubuhi alikuwa anakaanga mahamri na hayakufura, yamelala kwenye karai kama nyayo. Nikatabasamu. Akanigeukia na kijiko: "Waniteka nini, Sidi?"

Nikasema simteki. Nikaingia chumbani. Nikasimama katikati ya chumba, kiatu kimoja mguuni. Nikatoka tena mbio kumwuliza amesema nini.

Kumbe kwa Kimvita chao kucheka ni kuteka. Kichwa ni kitwa, macho ni mato, kucheka ni kuteka. Lakini si kuteka kwa maji kisimani wala kuteka mtu, akasema Mama Zulekha, hizo ni t nyingine. Ile ya kuteka maji ulimi uko juu, kwenye ufizi. Hii ya kicheko ulimi unagusa meno. "Teka," akasema. "Teka. Wasikia?" Sikusikia. Akarudia mara kumi, mahamri yakaungua. Kwangu zote zilikuwa t moja.

Nikampigia mama, Kaloleni. Kabla sijamaliza kueleza alianza kucheka. Sisi kwetu kucheka ni kutseka. Nimelijua neno hilo kabla sijajua kutembea. Miaka tisa karani, sikio la kufa halisikii dawa.

Basi walimcheka. Mwanate aliingia harusini, wakamcheka, hakurudi tena. Hakutekwa na mtu. Nimelia kidogo kwa kufarijika.

Kisha nikakaa kitandani nikajiuliza: nitajuaje ni t ipi iliyo kwenye kanda?

Jumatano, 13 Agosti

Nimempelekea Mama Zulekha kanda. Amevaa hedifoni juu ya mtandio, amefumba macho. Nilingoja kama mtu anayengoja hukumu.

"Huyu hana meno," akasema.

Kweli. Siku ile ya kurekodi Bi Somoe alikuwa ameyavua meno yake ya bandia, yanamchubua, akayatia kwenye gilasi dirishani. Niliyaona. T ya meno, bila meno. Mama Zulekha anasema yaweza kuwa hii, yaweza kuwa ile, yeye haapi. Akanirudishia hedifoni na kunipa mahamri ya leo, yamefura.

Sasa sina lolote. Nikisoma kwa kicheko, sentensi inasimama. Nikisoma kwa wizi, sentensi inasimama vilevile. Hakurudi tena: hakurudi harusini, au hakurudi kwao? Na komeo? Kicheko hakitii mlango komeo. Nataka sana kiwe kicheko, na hilo ndilo linalonitisha. Karani akianza kutaka, kazi imeharibika.

Bwana Feisal anasema kitabu cha simulizi za wazee kinakwenda kupigwa chapa Alhamisi ijayo, tarehe ishirini na moja. Tuchague neno au tuiondoe sentensi nzima. Ikiondolewa, Bwana Twahir ataridhika na sahani itavuka. Lakini katika saa mbili za kanda, Mwanate ana sentensi hiyo tu. Nikiifuta, nimemfuta.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda Kuze baada ya sala. Nuru, aliyeomba ruhusa kazini, hakunifungulia, alizungumza kupitia dirishani. Kuna jirani amemweleza bibi kwamba kuna maneno yake yameandikwa kitambaani na kina Twahir wamekasirika. Hakumwambia maneno gani. Bi Somoe akasema, "Wana haki," na tangu jana anakunywa chai tu. Nuru anamletea chakula, anakisukuma pembeni.

Wana haki? Kwa nini wawe na haki, kama ni wao walioteka? Na kama hawakuteka, haki ya nini? Sielewi kabisa.

Nilikuwa nimesimama kichochoroni baina ya milango miwili, yote imefungwa, Bwana Twahir akatokea msikitini. Nikamsalimu, akaitikia, maana ni mtu wa adabu. Nikaanza kumweleza habari ya t. Sikufika mbali. Yeye ni mtu wa hapa, aliielewa kabla sijamaliza, akashika paji la uso. Nikadhani sasa atacheka, yatakwisha.

Hakucheka. Akauliza, "Wakiteka nini?" Akiuliza walikuwa wanacheka nini. Sikujua. Naye hajui. Anachojua ni kwamba alipokuwa mdogo, nyumba ya kina Bi Somoe kulikuwa na mwanamke ghorofani aliyeshona kofia na hakutoka nje, na mama yake Twahir alikuwa akisikia jina lake hubadilisha mazungumzo. Akaingia kwake. Uso wake ulikuwa mbaya kuliko wa Jumamosi.

Nilikwenda kumwondolea mzigo. Naona nimemwongezea.

Jumamosi, 16 Agosti

Mwanamke ghorofani aliyeshona kofia. Basi Mwanate hakwenda popote. Alitia komeo mwenyewe, kwao.

Ni kicheko. Nina hakika sasa, hata bila meno.

Lakini leo nimesikia jambo jingine, na afadhali nisingalisikia. Nilikuwa nasikiliza mwanzo wa neno lile, si katikati. Kuna sauti imelala juu yake. Ni yangu. "Enhe." Ile enhe ninayoitia mtu anaposimulia, ya kumwonyesha nipo naye. Imeangukia pale pale neno linapoanza. Chini yake kuna kitu kabla ya "wali". Pumzi. Au t.

Twalimteka?

Tulimcheka?

Nimezima mashine. Nimefua nguo zote, hata zilizokuwa safi.

Jumatatu, 18 Agosti

Nuru amepiga simu saa mbili asubuhi. Bibi ananitaka mimi, peke yangu, bila Bwana Feisal.

Alikuwa amekaa kitandani, amevaa meno, amejifunga leso mpya. Nikapiga magoti kuomba radhi, akaniambia niinuke, sakafu ina baridi. Nikamsomea sentensi yangu yote, kama ilivyotundikwa. Nikamweleza nilivyoisikia.

Kumbe hakujua. Siku zote hizi alidhani nimeandika alichosema, na kwamba kina Twahir wamefunga mlango kwa sababu hatimaye wamejua. Alidhani anaadhibiwa kwa haki. Ndiyo maana hakula.

Akanihadithia upya. Kinamama wote walioalikwa walivaa sare, leso, yaani kanga, za aina moja, zenye maneno. Mwanate alisoma chuo cha Kurani tu, herufi za Kizungu hakuzijua. Somoe alikuwa na miaka minane na ametiwa skuli mwaka ule. Kina Athmani walikuwa wanamtazamia Mwanate awe mke wa mtoto wao wa kiume, kila mtu akijua. Mwanate akaingia, amejipamba, maneno ya leso yake yako juu chini.

Hakuna aliyeona. Wengi wa wale kinamama hawakujua kusoma vilevile.

"Mimi ndiye nalosoma," akasema. "Nalisema kwa sauti, Mwanate, leso yako yalala kitwa tini. Wakateka wote. Nami nalimteka kuliko wao. Nalikuwa nafurahi kwamba najua kusoma."

Mwanate akarudi nyumbani, akapanda ghorofani. Somoe akasikia komeo. Posa haikuja. Ilikuja nyingine baadaye, akaikataa. Akashona kofia hadi alipokufa, na harusi ya mtu hakuingia tena, hata zile mbili za mdogo wake. Hakumlaumu. Hata mume wa Somoe alimshonea kofia.

Miaka yote hiyo Bi Somoe hakumwambia mtu. Akaniambia mimi, mwezi wa sita, akajikaza akalisema. Na mimi nikasema enhe.

Jumanne, 19 Agosti

Nimempa Bwana Twahir habari yote, kwa ruhusa ya Bi Somoe. Alinisikiliza amesimama. Saa saba mke wake amevuka na sahani, wali wa nazi na samaki wa kupaka, akakaa mpaka bibi akala. Nuru amenitumia ujumbe wa maneno mawili. Amekula wote.

Nilitazamia kujisikia vizuri. Najisikia kama mtu aliyeokota kisu akakirudisha mezani.

Jumatano, 20 Agosti

Sasa wanagombea kicheko. Sijawahi kuona jambo kama hili.

Bi Somoe hataki "twalimteka". Anataka niandike "nalimteka". Nilimcheka, mimi. Wengine waachwe, wamekufa, hawawezi kujitetea, na wasingalicheka kama yeye asingalisoma.

Bwana Twahir, aliyeshusha kitambaa na kukikunja mara nne, leo anataka "twalimteka" ibaki. Anasema mama yake alikuwa mle ndani, mwanamke mzima, na mtoto wa miaka minane habebeshwi kicheko cha harusi nzima. Bi Somoe amemwambia anyamaze, yeye alimwona angali mtoto akitambaa. Hakuondoka. Amekaa kizingitini mikono magotini.

Bwana Feisal kwenye simu: kanda inasema nini? Kanda inasema enhe, nikamwambia. Hakupenda.

Na mimi sijui. Alichosema mwezi wa sita ni twalimteka, ninaamini hivyo. Anachotaka kusema leo ni nalimteka. Lipi ni kweli? Ya kwanza ndiyo ilivyokuwa. Ya pili ndiyo aliyoishi nayo. Kazi yangu ni neno kama lilivyosemwa, na sasa yamesemwa yote mawili na mtu yule yule, na mwenyewe ni mzima wa akili. Mahakamani tungalimwapisha. Hapa namwapisha kwa kitu gani?

Alhamisi, 21 Agosti

Kitabu kimekwenda.

Jana jioni nilimrekodi tena Bi Somoe, akiwa na meno, mimi nikiwa nimefunga mdomo. Ukurasa wake una sentensi mbili sasa. Kanda ya kwanza: Twalimteka. Kanda ya pili: Nalimteka. Kila moja na siku yake. Chini nimeeleza kuteka ni nini, na kwamba kosa la mwanzo ni la mwandishi. Bwana Feisal alitaka kuondoa hilo la kosa. Nikakataa.

Leo nimempelekea nakala ya ukurasa wake kabla ya wengine. Akatafuta miwani. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari, kikasimama kwenye jina la Mwanate. Halijaandikwa popote pengine, akasema, wala kitambulisho hakuwa nacho. Nikamwuliza kama anaridhika.

Akaniuliza, mimi ningalikuwa mle ndani siku ile, ningaliteka?

Nikamwambia ndiyo.

Akaitikia kwa kichwa, akasogea kidogo kitandani kunipa nafasi. Nikakaa karibu naye mpaka Nuru aliporudi kutoka kazini.